Somo wa Chumba cha Pasi

Mama Pasi alinyang'anywa kazi ya mikono yake mchana kweupe, na aliyemnyang'anya ni mtu aliyemlea mwenyewe.

Pale penye kufulia nguo za hospitali, yeye ndiye aliyeanzisha desturi ya kila mgeni kupewa somo, mwenyeji wa kumlea kazini. Sharti lilikuwa moja: mgeni akiharibu, somo ndiye anayeulizwa. Wageni wakaacha kukimbia kazi. Wakubwa walipotaka kujua siri, aliyesimama mkutanoni ni Kidosho, mwari wake wa kwanza. Akauita mpango wake. Akapewa usimamizi na kiti cha kuzunguka. Mama Pasi, asiyejua kusoma, akabaki na pasi.

Akasusa. Shukrani ya punda ni mateke, alisema, halei mtu tena. Dada yake akamwambia kisirani hakinyooshi shuka.

Kisha akaja mjane mmoja, mtu mzima, mwenye mikono ya kutetemeka. Wenyeji wakamkwepa, nani ajitwishe lawama za mikono ile? Haukupita muda akaunguza gauni la upasuaji. Kidosho akatoka ofisini, akauliza somo wake nani. Wenyeji wakainamia pasi zao. Mjane akaanza kufungua aproni, maana asiye na somo hana wa kumtetea.

Mama Pasi alijua akiitika, mpango utasimama na sifa zitakwenda kwa Kidosho. Asipoitika, mwanamke yule atarudi kwa wanawe mikono mitupu.

"Mimi," akasema.

"Wewe? Si ulisema umestaafu ulezi?"

"Nilisema. Sasa nigombeze mimi. Yeye mwache akanywe maji."

Mtu akacheka nyuma ya marundo ya shuka. Kidosho akagomba kidogo, bila kumtazama usoni, akarudi ofisini.

Leo mjane ananyoosha kola kama aliyezaliwa nazo, na majuzi ameomba mwenyewe kupewa mgeni wa kumlea. Mama Pasi alijifanya hakusikia, lakini siku nzima aliimba. Wenyeji waliokuwa wakikwepa nao wamerudi kulea. Mpango umesimama.

Limebaki deni moja, nalo ni la Kidosho: asimame katika mkutano uleule, mbele ya wakubwa walewale, aseme nani alianza. Dawa ya deni ni kulipa, na hili halilipwi kwa "shikamoo mama" ya harakaharaka mlangoni.