Mchanga wa Kofia ya Baba

Mjinga mimi, niliimba. Hilo nataka lijulikane kwanza: siku niliyoikwangua kofia ya baba nilikuwa naimba nyimbo za kwaya.

Ni kofia ya chuma ya jeshi, ya zamani sana, kwetu tunaiita kaske. Baba aliuawa vitani kule Kongo, hatukuona mwili wala kaburi. Mwenzake mmoja alituletea hiyo kofia tu. Mama aliisafirisha ndani ya furushi la nguo mpaka hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na kila Jumapili baada ya ibada aliipakata, akapitisha vidole polepole juu ya rangi yake inayokwaruza. Nilidhani ni mazoea ya mjane.

Kutu ilikuwa imeanza kula ukingo. "Hii kutu itamumaliza baba yako mara ya pili," alilalamika. Na mimi, ninayejiita fundi kwa sababu napaka rangi baiskeli za kabaza, zile za kubebea abiria, nikasema moyoni: haimmalizi nikiwa hai.

Alipokwenda Nathenje kununua maharage ya kuuza, akalala huko siku mbili, nilipanda minibasi hadi Kawale. Muuza rangi aliiona kofia mkononi mwangu akanitania, eti achimwene, yaani kaka, unakwenda vitani? Nilimkata kauli: vita nimevikimbia, sivifuati, nipe rangi ya kijani isiyong'aa, msasa na tina ya kuzimulia rangi.

Nyuma ya nyumba nilianza na burashi ya waya. Rangi ile ilikuwa kisirani hasa, imeshikana na punje za mchanga, maana wanajeshi walizinyunyiza ili chuma kisimetemete juani. Nilisugua mpaka mabega yakawaka, mpaka chuma kikabaki kitupu. Vumbi lote nililifagia kwenye mfereji wa maji ya mvua. Kisha nikapaka kijani, na kabla hakijakauka nikachekecha mchanga laini juu yake, nikakung'uta uliozidi, nikapaka mkono wa pili mwepesi. Kweli ya Mungu, ilipendeza! Sijawahi kufanya kazi safi kama ile.

Mama aliporudi sikumwacha hata anywe maji. Nilimkalisha, nikamwekea kofia mapajani. Akapitisha vidole, vikasimama.

"Huu muchanga umeutoa wapi?"

"Hapa hapa, mama, karibu na bomba."

"Na ule wa mbele, ule wa zamani?"

"Nimeutupa," nikamwambia, tena nacheka.

Hakunigombeza. Afadhali angenipiga. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba walipooana tu, baba alikuja nyumbani na kofia na kopo la rangi. Yeye mama ndiye aliyechota mchanga mlangoni pao, akauchekecha kwa chekeche lake la unga, akaunyunyiza huku baba akiizungusha kofia, wanachekana kwa sababu vidole vyao vilikuwa kijani.

"Ule muchanga ulikuwa wa kwetu, papa. Mi sina kaburi yake. Njo ule, ndio ule nilikuwa nashika." Papa ndivyo anavyoniita mimi mwanawe.

Nilijisikia mwizi, tena mwizi wa mama yangu mwenyewe. Nilinyakua chekeche la unga, nikatoka mbio hadi kwenye mfereji, nikapiga magoti. Nilichota, nikachekecha, nikachota tena. Nilipata magamba matatu ya rangi ya zamani, madogo kuliko kucha ya mtoto, nikayafunga kwenye pindo la shati. Majirani walisimama kunitazama, nikawafokea waende zao. Nilikuwa nalia.

Mama akaja, akachuchumaa kando yangu. Aliingiza mkono ndani ya chekeche, akasugua mchanga kati ya vidole, akausugua tena.

"Acha, papa," alisema. "Imeisha kuchanganyika. Utajua gani njo ya kwetu?"

Sikujua. Nikachota tena.