Bawa la Kushoto la Nyenje

Huwaida Hashim hachori tena mikono ya maharusi, ila ya jamaa zake. Siku hizi anachora wadudu. Chumba chake kiko juu kabisa katika nyumba ya mawe Mkomani, Lamu, na mtandao hushika vizuri kwenye dirisha moja tu. Hapo ndipo alipoweka meza. Kwenye kompyuta yake kuna siafu anayetembea, mbu anayejivua gamba la majini, na mende ambaye mwanafunzi anaweza kumfunua mgongo akaona mirija anayopumulia. Wote wanatembea au kuruka, na wote hukubali kusimamishwa katikati ya hatua. Walimu wa baiolojia kisiwani wanawatumia darasani, na mmoja wao ndiye aliyemsifu kwa Dkt. Nkatha, mtaalamu wa wadudu katika chuo kikuu huko Nairobi.

Nkatha alikuwa akitafuta mtu wa kuunda wadudu wa kozi nzima. Alimpa Huwaida jaribio: nyenje dume, akiimba. Akifaulu, kozi ni yake. Asipofaulu, ingepewa studio moja ya Nairobi iliyokuwa ikisubiri.

Huwaida hakuona sababu ya kuogopa. Kabla ya diploma yake ya michoro ya kompyuta alikuwa amefundishwa hina na mama yake, Bi Rumaisa, na mkono uliozoea kupeleka jani la piko, ile rangi nyeusi ya maharusi, mpaka kwenye kucha haushindwi na mishipa ya bawa. Alimweka nyenje mkavu chini ya kioo cha kukuzia, akachora bawa la kulia mshipa kwa mshipa. Kisha akafanya ambalo mchora hina yeyote wa Lamu angelifanya: akaligeuza, akapata la kushoto.

Bibi harusi hukaguliwa. Wanawake humshika viganja, wakaviweka ubavu kwa ubavu, na ole wake mchoraji ikiwa ua la kulia limelizidi la kushoto. "Mkono huu umeolewa, huu bado uko kwao," watasema, na maneno hayo yatafika Mtangawanda, kisiwa cha pili, kabla ya boti.

Bi Rumaisa aliinamia skrini. "Mashaallah. Pacha. Hapa hata mwenye mato manne haoni kosa."

Nkatha aliliona, siku hiyo hiyo, kwa simu ya video.

"Mpunguze mwendo," alisema. "Sasa mgeuze nimwone kwa mbele."

Kila mabawa yalipofungwa, moja liliingia ndani ya mwenziwe kana kwamba yote mawili ni moshi.

"Na sauti inatoka wapi?"

"Niliirekodi, Daktari. Nikaiweka juu ya picha."

"Kwa hiyo huyu ni bubu amewekewa redio." Nkatha hakucheka. "Wanafunzi wangu watadhani anaimba kwa mdomo. Mimi nataka sauti itoke bawani. Nakupa mpaka Jumatatu, halafu nawapa wale wengine. Sikufichi."

"Usinifiche. Jumatatu utaisikia."

Kwanza alijaribu njia ya mkato: akaliinua bawa moja kidogo. Mabawa yaliacha kupitana, lakini pia yaliacha kugusana. Nyenje mkavu hakuwa na zaidi ya kumwambia. Akashuka nyuma ya jiko, kwenye rundo la makumbi ya nazi, akakamata madume walio hai na kuwatia katika chupa ya kioo. Akaifunika kwa kikapu ili wadhani jua limekuchwa, akawamulika kwa tochi iliyofungwa kitambaa chekundu, mwanga wasiouona vizuri.

"Adhuhuri hii waniletea wadudu ndani?" Bi Rumaisa aliuliza mlangoni.

"Wanaimba, Mama. Sikiliza."

"Nasikia. Na majirani wasikia."

Huwaida alikuwa akiwarekodi kwa simu, kisha akirudisha picha polepole. Kila dume alilaza bawa la kulia juu ya la kushoto. Chini ya lile la juu kulikuwa na mshipa wenye meno, kama tupa ya seremala. Ukingo mgumu wa lile la chini ulikwaruza meno hayo kila mabawa yalipofungwa, na hapo ndipo sauti ilipotoka. Bawa la kushoto nalo lilikuwa na meno, ila mafupi, na hayakuguswa na kitu. Mabawa hayakuwa pacha. Kila moja lilikuwa na kazi yake.

Akalifuta la kushoto lote.

"Walifutiani?" Bi Rumaisa aliuliza. "Lilikuwa zuri."

"Zuri, ila si lake."

Kulichora upya kulimtaabisha kuliko alivyotarajia, kwa sababu mkono ulikuwa ukikimbilia mistari ya upande wa pili. Mwishowe alibandika karatasi juu ya nusu ya skrini, akachora la kushoto bila kuliona la kulia. Kisha akaifunga sauti kwenye meno: kila jino likiguswa, mlio mmoja mfupi. Mara ya kwanza nyenje alilia kama bawaba yenye kutu. Huwaida akapima upya nafasi kati ya meno, akazirekebisha, akaongeza kasi. Bi Rumaisa, aliyekuwa akikunja nguo, akageuka kuitazama chupa. Chupa ilikuwa tupu; walio hai walikuwa wamesharudishwa kwenye makumbi.

Jumatatu Nkatha alimpunguza nyenje mwendo, akamgeuza, akamtazama chini ya mabawa kwa muda mrefu.

"Meno ya kushoto mbona mafupi? Yasawazishe na ya kulia, apendeze."

"Siwezi, Daktari. Ndivyo alivyo. Nakutumia video za walio hai, utazame mwenyewe."

"Ninazo za kwangu," Nkatha alisema. "Nilitaka kujua kama utayarefusha ukiambiwa." Akaandika kitu. "Anayefuata ni vunjajungu. Huko wapo?"

"Hawakosekani. Lakini wale wa studio uwaambie leo, wasije wakaanza."