Sogeza Kidogo

Kwenye kilima kile cha karibu na Ndhiwa hakuna aliyeujua udongo kwa nyayo zake kama Cephas. Miaka thelathini alitembea nyuma ya plau akiwalimia watu mashamba, mikono imeshika mpini, macho yanatazama makalio ya ng'ombe wawili. Anayedhani kazi hiyo ni ya kupunga upepo naye aijaribu msimu mmoja, kisha atueleze. Ng'ombe walizeeka, wakaliwa, wakaja wengine, lakini majina hayakubadilika: wa kulia aliitwa Rateng' na wa kushoto Rabuor. Mbele yao alitangulia Teresa, mke wake, akiwaongoza kwa kamba. Wana wao walikuwa wamepata kazi Nairobi, wakasahau upesi kwamba plau ina mbele na nyuma.

Mwaka huo wa tisini na nane Cephas alikuwa amechoka. Haukuwa uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Ulikuwa umehamia kiunoni na mabegani, na asubuhi alikaa kitandani muda mrefu akiitazama miguu yake, akiisubiri kama mtu anayesubiri wageni wasio na haraka.

Mvua ya El Nino ilikuwa imenyesha tangu Oktoba hadi Mwaka Mpya ukapita. Maji yalishuka kilimani mekundu kama uji wa wimbi, yakaingia Mto Kuja, yakaenda zake ziwani. Watu waliilaumu mvua. Cephas hakuilaumu, kwa sababu yeye alijua ilivyokuwa zamani.

Zamani, baina ya shamba na shamba, watu waliacha ukanda wa nyasi usioguswa na jembe. Waliuita kiewo. Ulikuwa mpaka, ndiyo, lakini haukuwa mpaka tu. Maji yakija kwa kishindo yalifika pale yakapunguza mwendo, yakaacha udongo, yakapita mikono mitupu. Baba yake Cephas alimwambia alipomkabidhi plau: "Nyasi hiyo ndiyo inashika shamba lisitoroke. Plau yako isiiguse."

Lakini mwenye shamba ndiye anayelipa. Mwenye shamba huja asubuhi na kibuyu cha uji, anamtazama ng'ombe, anamsifu, kisha anapunguza sauti: "Jaduong', mzee wangu, hapo mwisho sogeza kidogo." Mfuo mmoja tu, upana wa plau. Msimu unaofuata Cephas akimlimia jirani, jirani naye ana uji wake na sauti yake ya chini: "Huyu ameniibia mfuo mzima. Sogeza kidogo." Cephas akasogeza. Akasogeza huku, akasogeza kule. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi. Hapa nyasi ziliumia hadi zikaisha.

Ulipoisha ukanda uliokuwa kati ya shamba la Maxwell, mmoja wa wenye uji hao, na shamba la marehemu ndugu yake, aliyeumia ni Lynnet, mjane wa huyo ndugu, kwa kuwa shamba lake liko chini. Mvua ilichimba korongo katikati ya mahindi yake, kina cha mtu hadi kiunoni. Udongo mweusi ukaondoka, ikabaki changarawe. Alipanda mara mbili, na mara mbili maji yakabeba mbegu. Alikuwa na watoto wanne na shamba lingine hakuwa nalo.

Mwezi wa pili akaja bwana shamba, kijana mmoja Mkisii aitwaye Ratemo, juu ya pikipiki iliyolia kama inaomba kuachwa ipumzike. Alilikagua korongo, akapima, akasema maneno machache. Nyasi zirudi, upana wa hatua sita, tena kabla ya masika. Zikichelewa, masika yatachukua kilichobaki, na mama huyu atakuwa analima mawe.

"Hatua sita kutoka kwa nani?" akauliza Maxwell.

"Kutoka kwa aliyezila," akajibu Lynnet.

Wakazozana hadi Ratemo akainua mkono. "Nani anajua hii mpaka ilikuwa wapi?"

Kwa mara ya kwanza shemeji hao wawili walikubaliana. Wote walimtaja Cephas. Basi wakapanga akautembee mpaka keshokutwa, miguu mitupu, kama ilivyo desturi.

Siku iliyofuata Maxwell alimletea jogoo. Hakusema ni wa nini. Alimfunga kwenye mti, akaulizia afya ya ng'ombe, akaenda zake. Lynnet alikuja bila kitu. "Jaduong', wewe sema tu ukweli," alisema, na macho yake yalikuwa na imani iliyomuumiza Cephas kuliko kiuno. Maskini, alidhani ukweli wote ulikuwa upande wake.

Cephas alifikiria kumpa kila mtu nusu ya alichotaka. Alifikiria pia kusema amesahau. Mzee husamehewa kusahau. Lakini uongo nao ni kama ng'ombe, ukishaufuga lazima uulishe kila siku, na yeye hakuwa na nguvu ya kulisha kitu kingine.

Siku ya kutembea mpaka alivua viatu, akapanda korongo. Akaingia shamba la Maxwell, hatua moja, mbili, tatu, nne, akasimama. "Kiewo ilianzia hapa."

Lynnet akapiga makofi. Maxwell akafungua kinywa, lakini Cephas alikuwa ameshageuka. Alishuka, akauvuka mpaka wa sasa, akaingia shamba la Lynnet hatua nne, akasimama tena. "Na iliishia hapa."

"Yawa!" Lynnet alishtuka. "Hapo ni kwangu!"

"Ni kwako sasa. Maxwell aliniambia nisogeze, nikasogeza. Baba Sammy naye aliniambia nisogeze, nikasogeza."

"Baba Sammy? Bwana yangu?"

"Kila msimu, mama. Mpaka ule mwaka aliugua."

Upepo ulipita juu ya changarawe na hapakuwa na hata bua moja la kutikisa.

Maxwell akamnyooshea Cephas kidole. "Kwa hivyo mwizi ni wewe! Ulikula uji ya huyu, ukakula ya yule!"

"Nilikula," akasema Cephas.

Kisha Lynnet, taratibu, bila hasira, akauliza swali ambalo Cephas alikuwa akiliogopa miaka yote hiyo. "Jaduong', na kiewo ya kwako? Mbona hiyo haikusogea?"

Wote waligeuka kutazama ng'ambo ya kilima. Shamba la Cephas lilionekana vizuri kutoka pale. Ukanda wa nyasi ulilizunguka, mnene, wa kijani, na udongo wake ulikuwa mweusi kama siku ile baba yake alipomkabidhi. Cephas aliona aibu, aibu ya mtu mzima, ile isiyo na pa kujificha.

"Hata mimi nilikuwa mbele," alisema Teresa, aliyekuwa amemfuata mumewe hadi pale. "Ng'ombe hufuata mwenye kamba."

Ratemo alipigilia vigingi, hatua tatu kila upande, akawasha pikipiki. Jioni hiyo Maxwell aling'oa vya upande wake. Teresa alimrudishia jogoo wake, naye akampokea bila kuona haya. Wiki hiyo watu watatu waliokuwa wameagiza kulimiwa walituma salamu kwamba wamepata plau nyingine.

Asubuhi ya pili Cephas na Teresa waliwaacha ng'ombe zizini, wakachukua jembe na magunia. Waling'oa nyasi kwenye kiewo yao wenyewe, shina moja wang'oe, moja waache, pamoja na udongo wake mweusi, wakabeba mgongoni na kichwani hadi kwa Lynnet. Safari saba. Ya saba Cephas alikaa chini katikati ya njia na mkewe akamngoja.

Walianza kupanda kwenye zile hatua tatu zilizobaki. Wote wawili walijua hazitoshi, kwani Ratemo alikuwa amesema sita. Walipanda tu, kwa sababu mikono ilikuwa imeshaanza.

Lynnet alitoka jikoni, akasimama akiwatazama muda mrefu. Alitazama kule juu vigingi vilipong'olewa. Alitazama mahali alipokuwa akipanda mahindi yake, kipande kidogo kilichosalia kizima. Kisha akainama, akashika shina moja la nyasi.

"Jaduong', sogeza kidogo," alisema.

Cephas aliinua uso. Alishika jembe akapiga hatua kuelekea juu, kwa Maxwell, kama alivyozoea kila aliposikia maneno hayo.

"Hapana," alisema Lynnet. "Huku kwangu."

Miaka thelathini hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Alishuka hatua moja ndani ya shamba la mjane, akachimba, akatazama kama inatosha.

"Sogeza tena," alisema Lynnet.