Kisanduku cha Msitu wa Baba

Ofisini walimwita Bi Visanduku, na alishalizoea jina hilo kiasi kwamba akiitwa kwa lake halisi hageuki. Kazi yake ilikuwa kujaza kisanduku cha taarifa cha kila hifadhi kwenye tovuti ya idara: picha juu, kisha jina, ukubwa, mwaka wa kutangazwa, msimamizi, na kama inalindwa. Kisanduku ni kilekile, iwe mbuga kubwa au kichaka. Tena kina adabu zake: sehemu isiyojazwa haiachi pengo. Inajificha yenyewe, mistari iliyobaki inasogeleana, na msomaji hajui kama kuna kilichokosekana. Aliyekibuni alizijua ofisi zetu vizuri sana.

Zamu ya msitu wa baba yake ilipofika, mkono uligoma. Baba alikuwa askari wa msitu ule mpaka macho na magoti yalipomsaliti. Asichokijua mzee ni kwamba msitu wenyewe haupo tena. Ulikatwa wote na watu wenye vibali mkononi, na Bi Visanduku alikwenda na wakaguzi akavikanyaga visiki kwa miguu yake. Tangu hapo, baba akiuliza, "Msitu wangu mzima?" yeye hujibu, "Mzima, baba." Angefanyaje? Mzee hakuwa na kingine cha kujivunia duniani.

"Mkuu, huu haupo," alimwambia mkuu wa kitengo.

"Kisheria upo. Nani kaufuta? Jaza, mama, tuendelee."

Akajaza. Alifanya kama wafanyavyo wote pale: akanakili kisanduku cha msitu jirani, akabadili jina, akabadili mwaka, akabadili ukubwa. Picha akasahau kuibadili.

Jioni kaka yake, ambaye hawezi kukaa na jambo jema moyoni, akamfungulia mzee tovuti. "Baba, ona! Dada kauweka msitu wako mtandaoni."

Mzee aliisogeza simu hadi puani. Miti ilikuwa imesimama, kijani kitupu. Machozi yakamtoka.

"Wameutunza," alisema. "Nami nilidhani mnanibembeleza tu. Jumamosi nipelekeni nikauone. Lile shati langu la kaki lipigwe pasi."

Bi Visanduku aliitambua picha papo hapo. Angeweza kusema. Badala yake alikwenda kuchukua pasi.

Njia ya mwongo ni fupi, na yake haikufika hata Jumamosi. Watu wa msitu jirani walilalamika kwamba picha yao imeibwa, na mkuu akaagiza itolewe, iwekwe nyingine. Nyingine ipi? Ya visiki? "Basi acha wazi," alisema mkuu. Akaacha wazi, na kisanduku kikajifunga vizuri, bila kovu.

Jumamosi baba aliamka kabla ya wote, akavaa shati, akaketi karibu na mlango. "Nionyeshe tena kabla hatujatoka, mwanangu."

Alimpa simu. Mzee akatafuta juu, akatafuta chini.

"Picha iko wapi?"

"Imetolewa, baba. Haikuwa ya msitu wako."

"Basi weka ya wangu."

Bi Visanduku, aliyekuwa na la kuandika kwa kila hifadhi ya nchi, alitikisa kichwa tu.

"Hata ule mti mkubwa wa langoni?"

"Hata ule."

"Na mimi nikiuliza, unasema mzima."

"Nisamehe, baba."

Alirudi kwenye simu, akaisogeza karibu zaidi. "Mbona hapa pameandikwa unalindwa? Nani kaandika?"

"Mimi."

Kaka alitokea na ufunguo wa gari, akauliza kama wako tayari. Mzee alifungua vifungo kimoja kimoja, akakataa kusaidiwa, akalikunja shati kwa kufuata mistari ya pasi na kumkabidhi bintiye. Tangu siku hiyo hajauliza tena habari za msitu wake. Kisanduku bado kipo.