Sengi na Ng'ombe wa Kwenye Simu

Kabla sijamiliki ng'ombe wa kushikika, nilikuwa na ng'ombe arobaini na mmoja kwenye simu. Wote walikuwa wanene, wote walitabasamu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuharisha. Kwa mtu anayeuza dawa za mifugo, hiyo ilipaswa kunitia wasiwasi mapema.

Ilikuwa miaka ile mkoa wetu wa Simiyu ungali mpya na makampuni ya simu yanashindana kupaka rangi kuta za maduka ya Bariadi. Ulifunga duka jioni likiwa jeupe, asubuhi ukalikuta jekundu. Wazee waliozoea enzi za mnunuzi mmoja wa pamba na foleni moja ya sukari walituambia tuna bahati, kwamba siku hizi mtu anachagua. Ni kweli tulichagua. Tulichagua wa kumuuzia pamba, tukachagua mtandao wa simu, na mtandao ukikatika tulikuwa huru kuhamia mwingine ili nao ukatike. Mabando yakashuka bei, simu za kupangusa zikafika hadi kwa wauza michembe ya viazi vilivyokaushwa, na mimi nikawa mfugaji.

Aliyeniingiza alikuwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mkabala na duka langu. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa kundi letu la wafugaji kumi wa simuni, na alikichukulia cheo hicho kwa uzito kuliko wembe.

Kwa wale ambao hawajacheza, ngoja niwaeleze taratibu, maana si jambo gumu na hakuna haja ya kumwonea mtu aibu. Gemu la namna hii linakupenda sana mwanzoni. Ng'ombe wa kwanza unapewa baada ya dakika mbili, na fataki zinapigwa. Wa pili, dakika kumi. Unajiona una kipaji. Ukifika ng'ombe wa ishirini, unasubiri siku tatu na fataki zimepungua. Ukifika wa arobaini, unafanya kazi wiki nzima kwa ajili ya ua la kuvisha pembe. Hapo ndipo pale wachezaji tunapopaita kusota: unarudia kitu kilekile kila siku, wala hukipendi tena, ila umeshatumia muda mwingi mno kukiacha. Na pembeni kuna kitufe cha kijani kinachosema kwamba ukitoa pesa, hutasubiri. Kwa maneno mengine, mtu anakuuzia gemu, halafu anakuuzia njia ya kutolicheza.

Mimi sikuwahi kubonyeza kitufe cha kijani. Nilijiona mjanja kwa hilo. Nililipa kwa njia nyingine.

"Naomba dawa ya kupe, ya kuogesha," mteja mmoja kutoka Migato aliniambia asubuhi moja.

"Subiri kidogo, mzee wangu, nimalizie kukamua."

Akachungulia nyuma ya duka, akatafuta zizi, asilione. Kisha akaona kidole changu kikipapasa kioo. Alisubiri mpaka nikamaliza.

"Anatoa lita ngapi?" akauliza.

"Lita nane."

"Wa kwangu anatoa moja na nusu," alisema. "Lakini tunakunywa."

Akalipa, akaenda zake. Wiki iliyofuata nilimwona akiingia duka la jirani.

Wakati huo nyumbani kwangu kulikuwa na mgeni. Sengi, yaani shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea tangu nikiwa natambaa, alikuwa ameletwa kutoka kijiji kimoja nje ya Mwanhuzi akiwa na mguu uliovunjika. Aliteleza akinywesha mifugo. Hospitali walimfunga plasta, wakamfungua, wakasema sasa kilichobaki ni mazoezi: atembee kila siku, kidogo kidogo, na abaki karibu ili wamwangalie miezi mitatu. Akirudi kwake mapema, kule ambako maji yako mbali na anaishi peke yake, mguu utakunjika hivyohivyo na hatatembea tena sawasawa. Mimi na mke wangu tuliyasikia hayo kwa masikio yetu. Sengi aliyasikia pia, ila alikuwa na maoni mengine.

"Nitembee kwenda wapi?" aliuliza. "Kutoka mlangoni hadi chooni nimeshatembea. Nimeona kila kitu."

Ng'ombe wake walikuwa wamegawanywa kwa watoto wake alipoumia. Kwetu hatukumruhusu kushika ufagio wala sufuria. Tulidhani tunamheshimu. Alikuwa anakaa mlangoni kutwa nzima, mguu umenyooshwa, anaangalia bodaboda, na kila jioni anatutangazia: "Jumamosi naondoka." Jumamosi mbili tulimzuia kwa visingizio. Ya tatu sikujua tungemwambia nini.

Ndipo nikafiwa na rafiki huko Migato. Nilitakiwa kwenda siku nne, na kule wakati huo mtandao ulikuwa unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, tena kwa kuomba. Ilinikuta siku ya ishirini na mbili ya mashindano. Kundi letu lilikuwa limeahidiwa kwamba wanachama wote kumi wakiingia na kupokea zawadi ya siku kwa siku thelathini mfululizo, kila mmoja atapata fahali wa dhahabu. Mmoja akikosa siku moja, wote tunarudi mwanzo.

Nilimwomba kinyozi anishikie simu. "Jirani, mimi nina ng'ombe sitini," alisema. "Siwezi kukamua maboma mawili. Tafuta mtu wa nyumbani kwako."

Mke wangu alinitazama tu, nikaelewa. Nikamgeukia sengi.

Nilikaa naye mlangoni nikamfundisha. Hasomi, lakini ng'ombe anawajua kuliko kitabu chochote, na picha ni picha.

"Huyu anakamuliwa mara ngapi?"

"Kila baada ya saa nne, sengi."

"Ndama wake yuko wapi?"

"Hana ndama."

"Hajawahi kuzaa?"

"Hawa hawazai."

"Sasa maziwa yanatoka wapi?"

Mimi huyu, ambaye watu hutoka vijiji vya mbali kuja kuniuliza habari za viwele, nikamwambia ndivyo walivyotengenezwa.

"Wanakunywa maji wapi?"

"Hawanywi."

"Kupe?"

"Hakuna kupe."

"Basi wewe na duka lako mtakufa njaa," alisema, lakini tayari alikuwa ameivuta simu mapajani na kuisogeza mbali na macho ili aone vizuri.

Jambo la mwisho nililomfundisha, na ninaliandika hapa kwa uaminifu kwa sababu kosa ni langu, lilikuwa kuhusu matangazo. Yalikuwa yanajitokeza ghafla kwenye kioo, ya mikopo, ya mafuta ya kupaka, ya wachumba. Nikamwambia: "Chochote kinachokujia bila wewe kukiita, kikatae. Bonyeza huu msalaba mwekundu."

"Nimeelewa," alisema. "Nenda kazike. Nitakuchungia."

Nilichukua simu yangu ya tochi nikaondoka, na sikulitafakari neno alilolitumia. Nilipaswa kulitafakari. Kwetu mwenye ng'ombe wengi hawalundiki zizi moja. Anawagawa kwa ndugu na marafiki wamchungie, ili ugonjwa au ukame ukipiga huku, kule wabaki. Anayechunga anakunywa maziwa, analimia maksai, na akichunga vizuri bila kupoteza, mwenye mali humpa mtamba, jike ambaye hajazaa, awe wake. Hakuna karatasi. Ukisema "nitakuchungia" na mwenzako akakubali, mmemaliza. Nimewaeleza wageni desturi hii mara nyingi dukani, maafisa wa miradi wakiandika kwenye madaftari.

Niliporudi siku ya tano nilimkuta kinyozi ameketi uani kwangu, uso umemvimba kwa hasira. Sengi alikuwa mlangoni, simu mkononi, mtulivu kuliko nilivyomwona tangu aje.

"Mwangaluka, sengi," nilimsalimu kwa lugha ya kwetu.

"Mwangaluka, ng'wana wane," aliitikia, yaani mwanangu. "Wote wapo. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyepotea."

"Muulize fahali yuko wapi," alisema kinyozi.

Nikachukua simu. Siku ya kwanza, kilisema kioo. Karibu mfugaji mpya wa msimu.

"Sengi, kila asubuhi kulikuwa na sanduku. Ulilifungua?"

"Lile la manjano? Niliwarudishia. Kila asubuhi mtu analeta sanduku, kila asubuhi nabonyeza msalaba. Sikumwita mimi."

"Lakini mama, ile ilikuwa zawadi," kinyozi alisema, kwa sauti ya mtu anayejizuia kwa sababu ya mvi.

"Mtu akuletee zawadi kila siku alfajiri, humjui, hujamfanyia kitu? Huyo ana binti wa kuozesha au ana kesi. Nyinyi mlimpokea bila kumuuliza?"

"Tulikuwa na siku ishirini na mbili pale, mama."

"Na amekupa nini siku ishirini na mbili?"

Kinyozi akafikiri. "Kengele," alisema. "Na ua la pembeni."

"La pembeni mwa nini?"

"La kwenye pembe."

Sengi akanigeukia asimtazame tena. Akanieleza jinsi alivyochunga. Alikamua asubuhi na jioni tu, kwa sababu mara sita kwa siku ni ukatili. Ng'ombe mmoja mwenye madoa alimwacha bila kukamuliwa kabisa, akiamini ana mimba na gemu halijajua. Kisha akanyoosha mguu, akakunja mikono.

"Sasa," alisema, "mtamba wangu."

Nilicheka. Hakucheka.

Nikamweleza. Nina uvumilivu wa kueleza, Mungu alinijalia, na siku ile niliutumia wote. Nikamwambia ng'ombe hawa ni picha. Nikamwambia gemu halina njia ya kumpa mtu mwingine ng'ombe. Hata ningetaka, lazima afungue gemu lake mwenyewe na aanze na yule wa dakika mbili. Nikamwambia hata mimi mwenyewe, nikipoteza namba ya siri, siwezi kudai hata mkia.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dukani ulikuwa unawaacha watu wasimame kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya hao, sengi."

"Msibani kwa rafiki yako, mawazo yalikuwa wapi?"

Nikaitia simu mfukoni.

"Kwa hiyo kwako ni ng'ombe," alisema. "Kwangu mimi niliyewachunga ndipo wamegeuka picha."

Kinyozi, ambaye alikuja kulalamika, aliinuka pole pole akasema ameacha mteja nusu kichwa.

Sengi hakupandisha sauti. Alisema hajawahi kuchunga ng'ombe wa mtu akanyimwa, na kwamba asingependa kuanza kwa mtoto aliyemlea. Alisema Jumamosi anaondoka, na safari hii alimwita mke wangu amsaidie kukunja khanga. Zilikuwa zimebaki siku mbili. Nilimwona anainuka kwa kushika kizingiti, mguu ule ukiburuzika, nikajua kwamba akipanda gari la Mwanhuzi hatashuka akitembea.

Mke wangu alinifuata jikoni. "Mpe mtamba wake," alisema.

"Wa kwenye simu hatolewi—"

"Nani amesema wa kwenye simu?"

Nilikuwa nimejiwekea akiba ya kununua simu kubwa zaidi, ambayo ng'ombe wangeonekana vizuri. Kesho yake nilikwenda mnadani nayo, nikarudi na mtamba mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji, ambaye alinikanyaga mara mbili njiani na kunya mbele ya kinyozi. Nilimfunga kwenye mpapai. Sengi alitoka akishikilia ukuta. Akamfungua mdomo, akamtazama meno, akamvuta ngozi ya shingo, akainua mkia.

"Umepigwa," alisema. "Mwembamba. Na ana kupe."

"Nina dawa dukani."

"Najua unayo. Kailete." Kisha akamsemesha mke wangu bila kugeuka: "Hizo khanga zirudishe. Huyu hawezi kuachwa na watu wa mjini."

Mtamba alihitaji majani, na majani yalikuwa kando ya barabara ya kwenda bwawani. Siku ya kwanza sengi alifika kona. Wiki iliyofuata alifika kwenye daraja. Alikwenda asubuhi na jioni, mvua na jua, kamba mkono mmoja na fimbo mkono mwingine, hatua zilezile, njia ileile. Hakuna aliyempigia fataki. Hospitali walipomkagua walimsifu muuguzi wa mazoezi, naye muuguzi akapokea sifa. Miezi mitatu ikapita, ikawa minne, na habari za Jumamosi hazikusikika tena.

Sikuacha gemu kwa kiapo. Nisingependa mdhani niliokoka. Niliacha tu kuingia, siku moja, kisha nyingine. Kinyozi aliniondoa kwenye kundi kwa barua rasmi ya maneno manne. Bado alininyoa.

Jioni moja nilikuwa nimewasindikiza sengi na mtamba wake hadi darajani, mara simu ikalia mfukoni. Nikaisoma.

"Nani?" aliuliza.

"Lile gemu. Linasema ng'ombe wangu wananikumbuka, wananiuliza nimepotelea wapi."

Alimsubiri mtamba amalize fungu lake la majani, akailegeza kamba kidogo.

"Waambie tuko malishoni," alisema.