Mjumbe wa Kibosho

Sisi watu wa Mombasa mlima wetu mkubwa ni ngazi za ghorofa. Kwa hiyo nilipohamia Moshi kikazi, nikapanga chumba mtaa wa Soweto na kutangaza kwamba kila Jumamosi nitatembea kwa miguu mpaka niujue mji na vijiji vyake, bodaboda wa kijiweni walinionea huruma. "Bosi, kama nauli huna, sema tu," mmoja aliniambia.

Jumamosi moja nilikuwa napanda Kibosho. Kila niliyemuuliza njia alijibu "hapo tu", na "hapo tu" ya Wachagga ina makorongo ndani yake. Jasho linanitoka, inzi wananiandama, nikachuma jani refu kwenye ua wa mtu nikawa najipungia. Mbele kidogo nikaona mzee anakata majani ya ng'ombe mlangoni kwake, nikaingia kuomba maji.

"Shikamoo, mzee."

Alikuwa analitazama lile jani, na panga limetulia mkononi.

"Mdogo wangu amekutuma?" akauliza. "Huyu wa ng'ambo ya mfereji?"

Ndipo akanieleza. Hilo ni isale. Mchagga aliyekosa humpelekea aliyemkosea, kuomba msamaha, na anayepelekewa hakatai. Yeye na mdogo wake walikosana kwa ajili ya ndama, na tangu hapo hata kanisani kila mmoja ana upande wake.

Kusema kweli nilitamani kudanganya. Lakini nilimwambia ukweli: mimi ni mgeni kutoka Mombasa, sikutumwa na mtu, nilikuwa nafukuza inzi.

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Wewe Mmombasa! Unapigia inzi msamaha wa watu!"

Kisha kicheko kikaisha, akageukia migomba ya mdogo wake. Nilijisikia vibaya sana, kana kwamba nimempa mtu chakula na kumpokonya.

"Anaumwa," akasema. "Namsikia akikohoa kutoka hapa. Nilidhani amekubali kuanza." Akalitazama tena lile jani mkononi mwangu.

"Lakini mzee, si yeye aliyekukosea?"

"Ndiye. Na mimi ndiye mkubwa."

Alinyoosha mkono, akalichukua lile jani, akalifunga fundo polepole, akanirudishia.

"Sasa umetumwa," akasema, akaingia ndani kutafuta viatu vyake.