Mstari Uwanjani Ilwangule

Jumamosi tarehe 12 Oktoba 1957, Efraimu Mlowe, mkulima wa ngano na mzee wa kanisa, alipoteza kiti alichokikalia kwa miaka sita katika baraza la Ilwangule, mwendo wa asubuhi moja kutoka Makambako. Alishindwa mchana kweupe, mbele ya watu wote, na kwa utaratibu alioupigania yeye mwenyewe.

Miezi miwili kabla ya siku hiyo, karani wa boma alikuja kutoka Njombe na masanduku mawili ya bati, moja limechorwa jembe, jingine nyumba. Akaeleza kwamba kila mlipa kodi ataingia nyuma ya pazia peke yake, atatumbukiza karatasi yake, atatoka, na hakuna atakayejua kamchagua nani. Wajumbe wakaguna. Efraimu akasimama, akavua kofia yake ya sufu.

"Bwana karani, hapa sisi tunajuana. Mtu anayejificha nyuma ya pazia huwa anaficha nini? Kanisani kwetu washarika huchagua wazee kwa kusimama. Ukimtaka mtu, unasimama, unaonekana. Mimi nilichaguliwa hivyo, na hakuna aliyenijia kesho yake kuniambia alikuwa anatania."

Watu wakacheka. Karani akasema serikali ingependa masanduku, ila hiari ni ya baraza. Baraza likachagua mstari: wagombea wasimame uwanjani, na kila mtu ajipange nyuma ya amtakaye. Kornelio Luvanda, aliyekuwa akikitaka kiti cha Efraimu na amekaa nyuma kabisa karibu na mlango, ndiye aliyepiga makofi kuliko wote.

Efraimu alikuwa na sababu ya kulipenda baraza lile. Alizaliwa wakati ambapo jumbe akitaka kumpa mtu shamba alimpa, akitaka kumnyang'anya alimnyang'anya, na aliyenyang'anywa alirudi nyumbani akamwambia mkewe, basi. Yeye na wenzake wachache walikwenda kwa jumbe mara nyingi, kwa adabu, hata wakamchosha, wakimwomba wawepo watu waliochaguliwa na wananchi. Mwaka 1951 wakakubaliwa. Efraimu ndiye aliyeleta kanuni mbili ambazo vijana walizifanyia mzaha: kwamba hakuna mtu kusema mara ya pili kabla kila mmoja hajasema mara ya kwanza, na kwamba likija shauri la ndugu yako, unatoka nje mpaka uitwe. Kwa kanuni hizo vikao vilikuwa virefu, na baridi ya Ilwangule haina huruma kwa mtu aliyetolewa nje. Lakini watu walirudi nyumbani wakijua kwa nini wamekosa walichokosa.

Tatizo lilianzia milimani. Baada ya vita, milima ya malisho ilichukuliwa na kampuni ikapandwa miwati, miti ya magome ya kutengenezea ngozi, safu kwa safu, mpaka macho yanapoishia. Watu wakabaki na mabonde. Huko mabondeni Wabena, wenyeji wa nchi hiyo, wana vinyungu vyao, bustani za kwenye unyevunyevu zinazolimwa wakati wa kiangazi, mahindi na maharage yakiiva wakati kwingine kote ni vumbi. Milima ilipokwenda, kinyungu kikawa roho ya mtu. Na katika bonde la Ilwangule, kwenye kona ya matete iliyokuwa imeachwa kwa vyura, alilima Yoramu Sanga, Mkinga wa upande wa Bulongwa, aliyekuja kubandua magome ya miwati. Baraza lilimpa kona hiyo mwaka 1952. Akachimba mfereji, akakausha, akalima. Miaka miwili baadaye alimwoa Jeni, binti wa Efraimu.

Kornelio alikuwa amerudi kutoka mashamba ya mkonge huko Tanga na koti la rangi ya kahawia, redio isiyokuwa na betri, na sauti ya kuhutubia. Hakuwa na kadi ya chama chochote, wala hakujishughulisha kuitafuta. Siku za mnada pale Makambako alipanda juu ya gogo karibu na wauza chumvi.

"Vanyalukolo!" aliita, akitumia neno la Kibena la ndugu wa ukoo mmoja, hata kama nusu ya waliosimama hakuwajua. "Nauliza swali la darasa la kwanza. Milima ilikuwa ya nani?"

"Yetu!"

"Sasa ina nini?"

"Miwati!"

"Mliulizwa?"

"Hapana!"

"Na mabondeni nani analima?"

Pakawa kimya kidogo, kwa kuwa mabondeni walilima wao wenyewe. Kisha mtu mmoja akapaza sauti, "Wakinga!" na uwanja mzima ukapokea.

Efraimu alikuwapo siku moja, amekuja kuuza ngano. Aliomba nafasi ya kujibu, na Kornelio akampa mkono akamvuta juu ya gogo kwa heshima kubwa, kama mtu anayemkaribisha bwana harusi.

"Ndugu zangu," Efraimu alianza, "Wakinga wenye vinyungu katika bonde letu ni nyumba nne. Waliomba, wakasikilizwa, wakapewa mahali ambapo hapakuwa na mtu. Waliochukua milima ni wengine. Tukiwa na neno, tulipeleke kwa wale waliochukua milima, kwa kufuata..."

"Mzee!" kijana mmoja akamkatiza. "Unahutubia kama unasoma tangazo la chanjo!"

Kicheko kikaanguka kama mvua ya mawe. Kornelio akasubiri kiishe, akauliza kwa upole, "Baba, mkwe wako alilipa mahari gani? Ng'ombe, au bonde letu?"

"Alipewa bonde kabla ya kumjua binti yangu. Miaka miwili kabla. Na siku ya shauri lake..."

"Mmesikia? Anajua hata mwaka! Mwizi gani anayesahau siku aliyoiba?"

Efraimu alishuka. Njiani alimwambia mkewe, Dorika, kwamba uwongo una miguu mifupi. Dorika alikuwa na gunia kichwani, na hakugeuka.

"Mifupi, lakini unawahi mnadani kabla yako," alisema. "Na sema nao kuhusu njaa, mume wangu. Wana njaa. Wewe unawaambia habari za kanuni."

Hakusema nao kuhusu njaa. Alidhani watu aliowasikiliza miaka sita wangemkumbuka. Jambo hilo si ujinga. Wengi wenye akili wamelidhani.

Asubuhi ya uchaguzi ukungu ulikaa uwanjani mpaka jua lilipopanda. Mdogo wake Efraimu, Kefa, alipita kwake mapema, wakaenda pamoja. Kefa alikuwa na wana wanne wa kiume, na kinyungu kimoja. Walipofika karibu na uwanja alipunguza mwendo.

"Kamwene, kaka."

"Tumeshasalimiana nyumbani, Kefa."

"Kaka, moyo wangu uko kwako. Ni miguu tu."

"Miguu ina nini?"

"Watu wa Kornelio wanatazama. Wamesema atakayesimama kwa mkwe wa Mkinga, bonde litakapogawanywa upya asije. Mimi nina watoto, kaka. Kungekuwa na lile pazia..."

Efraimu alitangulia. Alikwenda akasimama palipochorwa chokaa, mgongo kwa watu, kama kanuni ilivyotaka, ili mgombea asiwatishe kwa macho. Alisikia nyayo. Alijifunza kwamba nyayo nyingi zinazokwenda upande mmoja hufanya sauti ya ng'ombe wanaovuka mto. Upande wake zilikuja chache, nzito, za wazee, na mmoja alikuwa akikohoa. Mchungaji hakuja kabisa. Aliletewa habari ya mgonjwa mahali pa mbali. Karani aliposema mgombea anaweza kugeuka, Efraimu aligeuka akaona watu aliowasimamia ubatizo, watu ambao mashauri yao aliyasikiliza huku meno yakigongana kwa baridi, wamejipanga nyuma ya Kornelio mpaka kwenye ua wa mahakama. Wengi walikuwa wanatazama chini. Kefa alikuwa katikati, amevuta kofia mpaka kwenye nyusi.

Kornelio alimfuata akampa mkono. "Baba, umetufundisha vizuri," alisema, na ilionekana kwamba hakuwa anadhihaki. "Aliyemtaka mtu ameonekana."

Baraza jipya lilikaa wiki iliyofuata. Kanuni ya kusema kwa zamu iliondolewa kwa sababu inapoteza muda. Kanuni ya kutoka nje iliondolewa kwa sababu, alisema Kornelio, mwakilishi wa watu haambiwi na watu atoke. Kisha likapitishwa shauri la vinyungu: nyumba nne za Wakinga zihame kabla ya mvua za kwanza, mazao yabaki shambani. Habari ya milima haikutajwa. Mjumbe mmoja aliyeuliza aliambiwa kila jambo na wakati wake.

Mahindi ya Jeni yalikuwa yametoa ndevu. Zingehitajika wiki chache tu ili yakomae. Alikuwa mjamzito, na mfereji aliouchimba mumewe ulikuwa umejaa maji safi ambayo akina mama wa jirani walikuja kuteka, wakimsalimu bila kumtazama.

Efraimu alipanda lori hadi Njombe, akaenda bomani. Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, alikuwa kijana, Kiswahili chake kizuri kuliko cha Wabena wengi, na kilichojifunzwa kitabuni kama chao. Alimpa kiti.

"Mzee Mlowe, nimesoma taarifa. Ni shauri baya."

"Ni baya, Bwana."

"Siwezi kufuta uamuzi mmoja nikaacha baraza lile lile likae wiki ijayo lirudie. Nitafanyaje, nilinde nyumba nne kwa askari kila siku? Ninaweza kulivunja baraza. Lote. Madaraka yarudi kwa jumbe, kama zamani. Jumbe hatamfukuza mkwe wako, nimeshamwuliza. Niandikie ombi, wewe kama mzee wa mahali, nami nitatia sahihi leo."

Efraimu aliuliza, "Litavunjwa kwa muda gani?"

"Mpaka watu watakapokuwa tayari."

"Nani atasema wako tayari?"

Bwana Shauri alitazama dirishani. "Mimi, nadhani. Au atakayekuja baada yangu."

Efraimu alikaa na kofia mapajani. Kornelio alikuwa amewaambia watu kwamba wazee wa chai wana baraza lao bomani, na hilo la uwanjani ni la kuchezea watoto. Sasa yeye, Efraimu, alikuwa amekaa bomani, na chai ilikuwa imeletwa. Akisema ndiyo, uwongo wa mtu yule ungegeuka kweli kwa mkono wake. Na madaraka yakirudi kwa jumbe, aliwajua majumbe: wangeyashika mpaka yeye afe. Akisema hapana, binti yake angelala njiani na mimba.

"Baraza ni letu," alisema mwishoni. "Hata likikosea ni letu. Liache, Bwana."

"Una hakika?"

"Sina."

Alimweleza Jeni jioni hiyo hiyo, amesimama mlangoni mwake, hakuingia. Hakuficha neno. Yoramu, aliyekuwa akifunga jembe na mpini kwa kamba, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ahsante kwa kwenda, baba," akaendelea kufunga. Ilikuwa adabu ya Kikinga, na ilimwumiza kuliko matusi.

Jeni hakuwa na adabu hiyo.

"Kwa hiyo neno moja lingetosha."

"Lingetosha kwenu. Wengine je, mwanangu? Siku jumbe atakapo..."

"Wengine gani, baba? Wale waliokupa mgongo? Baraza umelinusuru. Haya. Sisi je?"

Alitaka kumwambia kwamba mwaka ujao kuna uchaguzi mwingine, kwamba watu huchoka kudanganywa, kwamba safari hii angekubali masanduku. Akakumbuka kwamba siku ile ile, akiwa ndani ya lori, baraza lilikuwa likijadili hoja ya Kornelio kwamba uchaguzi wa mwakani hauna haja, kwa kuwa wananchi wamekwisha kusema. Alipofika nyumbani Dorika alimwambia imepita, bila mtu kupinga.

Kinyungu cha Yoramu alipewa Kefa.

Jumatatu iliyofuata Jeni na Yoramu walipanda lori la mbao mpaka Njombe, na kutoka huko wakaenda Bulongwa kwa miguu.